Nyumba ni choo, na barabara je?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno moja kuhusu vyoo. Kama unaisoma barua hii huku unakunywa chai, iweke pembeni kwanza umalize kikombe. Mimi ni muuguzi mstaafu, nina miaka 64, na nimebeba mabeseni ya haja za watu kwa miaka thelathini na mitatu. Haya ya kulitaja jambo hili ilinitoka zamani.

Siku moja baada ya Saba Saba tuliondoka Mbagala alfajiri, watu watatu ndani ya Noah. Mimi, wifi yangu, ambaye miaka yake huwa haisemi lakini Uhuru ulimkuta anatembea, na dereva wetu, mtoto wa kaka yangu, kijana wa miaka 28 ambaye amezaliwa Dar, amesoma Dar, na upande wa pili alikuwa hajavuka Morogoro. Ilikuwa safari ya kutembelea watu. Mwaka jana nilizika marafiki wawili niliokuwa nawaambia kwenye simu “nakuja, nakuja” kwa miaka kumi. Nikasema hawa waliobaki nitawaona wakiwa bado wanaweza kunifungulia mlango wenyewe.

Ukitazama ramani utakuta watu wangu wamekaa vizuri sana. Kaka yangu mkubwa yuko Lindi. Mtwara na Songea nina wenzangu niliosoma nao uuguzi. Wakwe wa mwanangu wako Njombe, binti yangu wa mwisho ameolewa Iringa, na Morogoro yuko jirani yetu wa zamani aliyehama kufuata hewa ya Uluguru. Makao makuu sita ya mikoa, duara moja, zaidi ya kilomita 2,000, siku kumi na moja. Zamani mtu wa Mtwara akitaka kwenda Songea alionekana mwenye akili kama angepitia Dar es Salaam. Leo unakata moja kwa moja kwa lami, Masasi, Tunduru, Namtumbo, na bado jua halijazama. Kwa hilo nashukuru kwa moyo wote, na mhandisi yeyote anayesoma hapa asinikasirikie kwa yatakayofuata.

Sasa, mimi natumia dawa ya presha, ile ya kutoa maji. Wanaoitumia wanajua. Umemeza saa kumi na mbili asubuhi, saa mbili mwili unadai, saa tatu na nusu unadai tena, na haupokei udhuru. Wagonjwa wengi wakisafiri huruka dozi ili wasisumbue watu njiani. Nimewakemea kwa tabia hiyo maisha yangu yote ya kazi, kwa hiyo mimi nisingeweza kuifanya. Nilimeza. Wifi naye, bila kumeza chochote, ana kibofu cha mtoto. Kijana wetu alikuwa hajui ameingia mkataba gani.

Hadi Kibiti mambo yalikuwa mazuri. Baada ya Daraja la Mkapa pale Rufiji nikaomba kusimama kwenye sheli moja, kubwa, mpya, taa zinawaka mchana. Tukajaza mafuta ya shilingi elfu themanini. Nikamuuliza binti aliyekuwa anatuwekea mafuta choo kiko wapi. Akasema, kwa adabu kabisa, “Mama, kipo lakini ni cha wafanyakazi.” Nikamwambia basi niajirini kwa dakika tano. Akacheka, lakini ufunguo alikuwa nao meneja, na meneja alikuwa Ikwiriri.

Tukachimba dawa. Nadhani kila msomaji wako anaujua msemo huo: basi linasimama kichakani, kondakta anapiga kelele “Kuchimba dawa dakika tano!”, wanaume wanajipanga nyuma ya tairi kama gwaride, na kina mama tunaingia porini na kanga zetu tukiogopa nyoka na macho ya watu. Kwenye njia ya kusini dawa hiyo imechimbwa hata mizizi imekwisha. Kuna vichaka vimekonda kwa kuchunguliwa.

Wifi alikuwa amebeba kanga ya kazi hiyo. Sitasahau. Mimi nimechuchumaa karibu na Somanga, eneo lile ambalo mvua za Kimbunga Hidaya, Mei 2024, zilikata barabara na watu wakakwama pande zote mbili, na yeye amenikinga ameinyoosha kanga kwa mikono miwili kama anayeanika. Malori yanapita. Nikainua macho nikasoma jina la kanga, kubwa, upande wangu: USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO. Nikashikwa na kicheko nikashindwa hata kumaliza. Wifi ananiuliza unacheka nini, namwambia geuza kanga, anasema nikiigeuza watasoma wao.

Lindi tulilala siku mbili. Kaka yangu ana miaka 78 na ana kesi na Mtwara tangu utoto. Anakaa barazani anaiangalia Kitunda ng'ambo ya maji na kumweleza kila mgeni kwamba Lindi ndiyo ilikuwa makao makuu ya Jimbo la Kusini, kwamba Waingereza walipokuja na mradi wao wa karanga wakaona Mtwara ina kina kizuri cha bandari, wakajenga bandari huko, wakahamisha na ofisi. Karanga zenyewe zilishindikana, reli ya kwenda Nachingwea ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, lakini ofisi hazikurudi. Lindi ikapata mkoa wake mwaka 1971, na kaka anasema hiyo ilikuwa fidia ndogo. Kijana wetu, ambaye ndiye mwanawe, alikuwa hajawahi kumsikiliza hadithi hii hadi mwisho. Safari hii alisikiliza mara tatu.

Mtwara nilikaribishwa kwa pweza, ming'oko na machozi. Mwenzangu yule hakuniona tangu 1998. Tulikaa jikoni hadi saa saba usiku tukiwataja walimu wetu mmoja mmoja na namna walivyotembea. Hayo hayahusu gazeti.

Linalohusu gazeti ni hili. Katika mmojawapo wa hiyo miji sita, na sitautaja kwa sababu najua mingine isingefanya tofauti, tulifika saa nne asubuhi, mwili unadai. Choo cha stendi kilikuwa kimefungwa kwa ukarabati. Kijana akatupeleka kwenye jengo la ofisi ya umma, zuri, lina bustani na bendera. Getini kuna askari na meza na daftari la wageni.

“Mama, una miadi?”

“Sina.”

“Unakwenda kwa nani?”

“Chooni, mwanangu.”

Akafikiri kidogo, akanisogezea daftari. Kuna safu ya jina, unakotoka, ofisi unayokwenda, na sababu ya kuja. Nikaandika jina, nikaandika Mbagala, ile ya ofisi nikairuka, na kwenye sababu nikaandika “Binafsi”. Nikamrudishia kalamu huku nimekaza miguu. Akalisoma daftari kwa kidole, akaniita: “Mama, hapa kwenye ofisi unayokwenda hujajaza.”

Mhariri, nimewahi kuzalisha mapacha kwa mwanga wa kandili na sikukata tamaa kama nilivyokata tamaa pale. Nilijaza “Utawala”. Nilipofika, mlango una kufuli, na mwenye ufunguo ni mtu wa usafi, na mtu wa usafi ameenda kunywa chai. Tulichookolewa nacho ni msikiti wa jirani. Mzee mmoja aliyekuwa anafagia uani alitutazama mara moja tu akaelewa, akatuonyesha upande wa wanawake, akatuletea na birika la maji. Wifi yangu ni mlokole, na tangu siku ile hakuna sala ya chakula anayoimaliza bila kumtaja mzee yule.

Sasa nikueleze choo bora kuliko vyote tulivyoviona katika kilomita hizo 2,000.

Kutoka Masasi hadi Songea ni kilomita zaidi ya 450. Njia hiyo naifahamu. Mwaka 1987 nilipangiwa kituo cha afya upande wa Tunduru, nikapanda lori la chumvi kutoka Masasi, mwezi wa tatu, tukakwama siku nne. Lakini katika siku zile nne sikupata shida ya choo hata mara moja. Ukikwama unashuka, unatembea hadi nyumba ya kwanza, unapiga hodi, unasalimia, na kabla hujamaliza salamu umeshapewa kigoda, kopo la maji na njia ya uani. Lami imekuja, tumeacha kukwama, na tumeacha kupiga hodi. Gari linapita mlangoni kwa mtu kwa kasi ya mia, halafu linakwenda kusimama porini abiria wachuchumae kwenye upupu.

Tulipovuka Tunduru, wifi akaanza kuimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini, na hiyo ndiyo dalili. Nikamwambia kijana, safari hii hakuna kichaka, simama kwenye nyumba yenye uwanja uliofagiwa. Kwa nini uliofagiwa? Kwa sababu nimefanya ukaguzi wa kaya mimi, miaka mingi, na mwenye uwanja uliofagiwa hana choo kichafu.

Nyumba ilikuwa ya tofali za kuchoma, paa la nyasi upande mmoja na bati upande mwingine. Bibi alikuwa amekaa chini ya mwembe anapepeta mbaazi. Nikapiga hodi, nikampa shikamoo, akaitikia marahaba bila kusimamisha ungo. Nikamwambia, mama, sisi ni wasafiri, tunaomba kujisaidia. Hakuuliza tunatoka wapi. Alinyoosha ungo kuelekeza nyuma ya nyumba, kisha akamwita mjukuu akaangalie kama kuna maji.

Kilikuwa choo cha shimo. Kuta za matete yaliyokandikwa udongo hadi kifuani kwa mtu mrefu, juu wazi, unaona anga. Sakafu ya udongo imepigwa samadi na kusuguliwa hadi inang'aa kama sahani. Tundu lina mfuniko wa mbao wenye mpini mrefu, ili usiiname kuushika. Pembeni kuna ndoo ya majivu na kifuu cha kumwagia. Hakuna nzi hata mmoja, nilimtafuta. Nje mlangoni kulikuwa na kibuyu chirizi: dumu la lita tano limening'inizwa kwenye mti, lina kamba hadi chini kwenye kijiti, unakanyaga kijiti, dumu linainama, maji yanachirizika, unanawa bila kushika kitu. Kipande cha sabuni kilikuwa kwenye kitako cha kopo kilichotobolewa ili maji yasikae. Nilisimama pale nikakanyaga kile kijiti mara mbili bila sababu.

Wifi alipotoka alikuwa mtu mwingine. Akafungua mkoba akatoa noti ya elfu mbili. Bibi akaikataa. Wifi akasisitiza, akasema, mama pokea, huko mijini tunalipia.

Bibi akaweka ungo chini. “Choo nacho mnauza?”

“Ndiyo mama. Mia tatu. Pengine mia tano.”

Alicheka hadi akajifuta macho kwa upindo wa kanga. Akamwita mjukuu aje asikie. Akauliza, na asiye na mia tatu je, anafanyaje? Hatukuwa na jibu, tukacheka naye tu. Baadaye akaniambia kwamba shimo la kwanza kwenye boma lile lilichimbwa na mume wake mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, walipokuwa wanakusanyika jioni kusikiliza redio kwa kikundi na asubuhi yake wanatoka na majembe. Hili la sasa ni la nne. Kila likijaa wanachimba jingine, na kila jipya linajengwa kama lile la kwanza. Redio iliwaambia mara moja. Tuliondoka na mbaazi kilo mbili ambazo nazo alikataa kuzipokelea fedha, na mimi nikamwachia vipande vitatu vya sabuni kwa kisingizio kwamba vinanipa uzito garini.

Songea tulikaa siku mbili. Mwenzangu ana nyumba Bombambili, ana kuku, ana goti bovu. Alitupikia mbasa wa Ziwa Nyasa na akatukatalia kula hotelini hata mara moja. Kijana aliomba apelekwe Makumbusho ya Maji Maji, na nilishangaa, kwa sababu si mtu wa makumbusho. Alisimama muda mrefu mbele ya majina ya mashujaa walionyongwa mwaka 1906, akiwemo Nduna Songea Mbano ambaye mji una jina lake. Kwenye gari akaniuliza, shangazi, mbona hatukuambiwa kwamba Songea ni mtu? Walimwambia, alikuwa hasikilizi.

Njombe kuna jambo dogo la aibu. Kwa wakwe huendi kama unavyokwenda kwa rafiki. Tulifika saa kumi jioni, Julai, baridi ya Njombe unaijua, na baridi na kibofu ni ndugu wa damu. Mguu wangu umegusa tu uwanja, wakwe zangu wametoka wote, mstari, na “Kamwene” zikaanza. Unaitikia kamwene. Unaulizwa za safari, za Dar, za waliobaki, za mvua, za mjukuu. Unakaa. Unaletewa maji ya kunawa, ya moto, yanamiminwa taratibu kutoka kwenye jagi, na ile sauti ya maji yanayomiminika, Mhariri, we acha tu. Huwezi kumwambia mkwe wako kitu cha kwanza kwamba unataka choo. Nilivumilia robo saa nzima. Aliyeniokoa ni mama mkwe mwenzangu, mwanamke wa rika langu, ambaye aliniangalia usoni, akasema kwa sauti, “Mama njoo nikuonyeshe maparachichi yangu,” akanizungusha nyuma ya nyumba na kunifungulia mlango wa choo. Maparachichi tuliyaona baadaye, na ni mazuri kweli.

Njombe imekuwa mkoa tangu 2012, ikamegwa kutoka Iringa, na inaonekana: barabara za mitaa, majengo mapya, watu wana haraka. Iringa nayo iko juu ya kilima chake, na barabara kuu inapita huko bondeni Ipogolo, kwa hiyo wasafiri wengi wa Mbeya wanaiona Iringa kwa kuinua shingo tu. Kwa binti yangu tulipumzika, tukafua, kila mtu na choo chake ndani ya nyumba. Sina zaidi.

Ila siku ya kushuka Kitonga ndiyo siku niliyoamua kuandika barua hii. Lori lilikuwa limeharibikia kwenye kona, foleni imesimama, mbele malori, nyuma mabasi. Kushoto ukuta wa mwamba. Kulia korongo. Hata mbuzi angekosa pa kuchutama. Tulikwama pale kwa muda wa saa moja na dakika arobaini. Mbele yetu kulikuwa na basi, na dirishani nikamwona mama mjamzito, wa miezi minane kwa macho yangu, amelaza paji la uso kwenye kioo. Nikashuka nikamwendea. Alikuwa anatoka Mbeya. Nikamuuliza umekunywa maji tangu asubuhi? Akasema hapana, tangu jana jioni sijanywa, naogopa kusumbua dereva.

Hapo ndipo utani unapokwisha. Nimekaa wodini, nimewaona. Wanawake wanafunga maji siku nzima ili wasishuke kichakani, na wakinywa wanajibana kwa muda wa saa sita, hata nane. Wanashuka stendi na homa, maumivu ya kiuno, mkojo unachoma. Tunaita UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, tunaandika dawa, tunamuuliza kama ametumia choo kichafu. Mara nyingi hata hicho kichafu hakukipata. Mjamzito akipata maambukizi hayo anaweza kupata uchungu kabla ya wakati. Mtu wa kisukari, mzee wa tezi dume, mama aliyerekebishwa fistula, wote hawa wana ndugu mikoani na wote wanapanda mabasi, au wamekwisha kuacha kupanda. Mwenzangu wa Songea ana dada yake Dar ambaye hajamwona miaka sita. Sababu si nauli.

Nilimpa yule mama chupa ya maji, na foleni ilipofunguka tukalifuata lile basi hadi Ruaha Mbuyuni. Liliposimama kwenye magenge ya vitunguu tukamsindikiza mimi na wifi, tukamkinga kwa ile ile kanga nyuma ya mbuyu ambao ungeficha familia nzima. Alisoma jina la kanga akacheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akicheka. Baada ya hapo ni Mikumi, na pale, kama wajuavyo wote, barabara inakatiza hifadhini kwa kilomita zipatazo 50, hakuna kushuka, na pembeni kuna kibao chenye orodha ya wanyama na faini ya kila mmoja ukimgonga. Twiga ana bei yake, nyati ana bei yake. Wifi alisoma orodha yote kisha akauliza binadamu akipasuka kibofu wanatoza kiasi gani.

Kijana wetu, bila kuambiwa, alikuwa anaandika kwenye simu tangu Kibiti. Tulisimama mara 27 kwa ajili ya haja. Mara kumi na moja tulipata choo, na katika hivyo, vinne tu vilikuwa na maji na sabuni. Kimoja kati ya hivyo vinne ni cha yule bibi na kingine ni cha msikiti. Hesabu hii si ya kitaalamu, ni ya gari moja. Lakini ndiyo niliyonayo.

Siombi majengo. Nikisema “jengeni vyoo” najua kitakachokuja: jiwe la msingi, utepe, kigae cheupe, na baada ya miezi sita kufuli. Vyoo vingi vipo tayari. Sheli zina vyoo. Ofisi zina vyoo. Mizani wanayopimia malori ina vyoo. Tatizo ni ufunguo na kibao. Barabarani tumewekewa kibao cha hamsini, cha matuta, cha kona kali, cha ng'ombe, cha tembo, na huko Mikumi kila mnyama ana bei. Kibao kinachosema “Choo, kilomita 12” sikukiona. Mgonjwa akijua ni kilomita 12 anaweza kuvumilia, kinachomwumiza ni kutokujua. Na ufunguo, hata kama ni lazima uwepo, ukae na mtu aliye pale, si na mtu aliye Ikwiriri.

Na malipo ya mia tatu sina ugomvi nayo kama ndani kuna maji na anayesafisha analipwa. Nimefanya kazi hiyo, najua thamani yake. Nina ugomvi na mia tatu ya kuingia mahali ambapo unatoka mgonjwa.

Wizara imekuwa na kampeni yake ya Nyumba ni Choo, na ni kampeni nzuri, nimeihubiri mwenyewe kwa majirani. Novemba 19 itakuja Siku ya Choo Duniani na viongozi watapigwa picha wamesimama mbele ya milango. Ningeomba mwaka huu mmoja wao, wa makao makuu yoyote ya mkoa, asafiri kwa basi la kawaida kwenda mkoa wa jirani, anywe maji lita moja na nusu kabla ya kuondoka, na asibebe ufunguo wa mtu.

Nyumbani tulifika usiku kupitia Chalinze na Kibaha. Kesho yake nikafunga kibuyu chirizi uani kwangu, na watoto wa mtaa mzima wanakuja kukikanyaga, wamemaliza maji ya siku tatu.

Desemba, Mungu akitujalia, tunakwenda njia ya kati, Dodoma, Tabora, hadi Kigoma kwa mdogo wake wifi. Ile sehemu ya Itigi hadi Tabora tunaambiwa ni msitu mrefu. Kama kuna msomaji wako anayeishi njiani huko na ana uwanja uliofagiwa, tafadhali aandike kupitia gazeti hili aseme ni kijiji gani. Tutapiga hodi. Tutakuja na sabuni na korosho za Mtwara.

Ni mimi,
Muuguzi mstaafu,
Mbagala, Dar es Salaam